Gemu Imezima: Tutafute Chanzo Kabla ya Kumtafuta Mkosaji

Leo naomba tuzungumze juu ya chombo ambacho sisi wazee tumezoea kukitazama kwa dharau, nacho ni mashine ya gemu, ile ambayo vijana huiunganisha na televisheni wakacheza mpira kwa vidole. Najua wapo watakaouliza kama ukurasa huu wa familia umekosa mambo ya maana hata ukajishughulisha na michezo ya watoto. Nawaomba wavute subira. Katika mitaa yetu ziko nyumba ambazo chombo hiki ndicho shamba, ndicho duka, na ndiyo karo ya shule. Kinapozimika, huenda kikavunja na mambo mengine ambayo hayana fundi.

Nitaeleza kisa kilichotokea hapa hapa Chanji, mjini Sumbawanga, ambacho mimi mwenyewe nilishiriki, tena si kwa sifa njema. Majina nitayahifadhi, kwa kuwa wahusika ni majirani zangu na tunaamkiana kila asubuhi.

KABATI LENYE KUFULI

Mama mmoja wa mtaani kwetu, mjane, ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yake kina cherehani upande mmoja, na upande wa pili mna benchi, televisheni mbili na mashine mbili za gemu alizozinunua zikiwa zimekwisha kutumika. Watoto wa mtaa na vijana wa bodaboda huja wakalipa kwa kila mchezo. Fedha zenyewe ni za sarafu na noti ndogo ndogo, lakini ndizo zilizomnunulia binti yake daftari, sare na godoro la bweni.

Aliyesimamia mashine hizo alikuwa mtoto wa mdogo wake, kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, akatoka Laela kuja kumsaidia mama yake mkubwa. Kwa kuogopa wezi, mama huyu alimwagiza seremala atengeneze kabati la mbao nene, kila mashine ikafungiwa ndani kwa kufuli, yakaachwa matundu mawili tu ya kupitishia nyaya. Ufunguo walikuwa nao wawili: yeye na kijana wake.

Mwezi wa Agosti, upepo wa kiangazi ulipokuwa ukibeba vumbi jekundu toka barabarani hadi ndani ya sufuria, mashine moja ilianza kuzima. Asubuhi iliwaka vizuri. Ikifika dakika ya ishirini huvuma kama mashine ya kusaga, huandika maneno ya Kiingereza kwenye kioo, kisha kimya. Wateja hudai fedha zao. Kijana hufungua kabati, huacha mlango wazi kwa kitambo, kisha huwasha tena na mchezo huendelea.

Alisema zaidi ya mara moja, "Mama mkubwa, hii mashine inahema. Imeandika yenyewe kwamba joto limezidi." Hakuna aliyemsikiliza. Mashine ilipelekwa kwa fundi, naye baada ya kuitazama kwa muda mfupi akatamka kwamba kitu cha ndani "kimebadilishwa". Neno hilo moja lilitosha. Nani mwenye ufunguo? Nani ameonekana kila siku akifungua kufuli pasipo sababu? Wazee wanne tuliitwa, tukakaa, tukamwuliza kijana. Akajibu kuwa alikuwa akiipumzisha mashine. Jibu hilo tuliliona la utovu wa adabu. Uamuzi ulipotolewa kwamba arudishwe kwao, nami nilikuwa miongoni mwa waliosema ndiyo. Kesho yake alipanda gari la Laela akiwa na begi lake mapajani.

Majuma mawili baadaye mashine ya pili ilianza kuzima vile vile, na kijana hayupo. Hapo ndipo nilipoomba bisibisi.

Nilichokikuta ndani nitakisema punde. Kwanza napenda, ndugu msomaji, tupitie pamoja utaratibu ambao laiti tungeufuata siku ile ya kikao, kijana yule asingalipanda gari.

MASHINE HUSEMA, ILA SI KWA MDOMO

Mashine ya gemu ni kompyuta iliyotengenezwa kwa kazi moja. Haina kinyongo na mtu, wala haichagui siku ya kuharibika. Inapoumwa hutoa dalili: taa hubadilika rangi, feni hupiga kelele, harufu hutoka, au maandishi hutokea kwenye kioo. Kazi ya mwenye nyumba ni kuzisoma dalili hizo kwa mpango, na mpango mzuri una kanuni tatu. Ya kwanza, anza nje uende ndani, kwa kuwa hitilafu nyingi zi nje, na za nje hazigharimu kitu kuzitazama. Ya pili, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha matatu mashine ikapona, hutajua lipi lililokuwa ugonjwa. Ya tatu, andika. Daftari la mtoto latosha: tarehe, saa, imezima baada ya dakika ngapi, taa ilikuwa ya rangi gani, imeandika nini. Ugonjwa unaorudi kila baada ya dakika ishirini una maana tofauti na ule unaokuja mara moja kwa mwezi.

UKUTA KWANZA

Mashine isipowaka kabisa, usimkaripie mtoto, nenda ukutani. Chomeka taa ya mezani au chaja ya simu katika tundu lile lile. Ukiona navyo haviwaki, ugonjwa ni wa tundu au wa ekstensheni, na pengine ni uniti za LUKU zilizokwisha. Kisha jaribu waya mwingine wa umeme. PlayStation 4 ya kwanza, iliyotoka mwaka 2013, pamoja na ile nyembamba iliyoifuata, hutumia waya wenye kichwa cha matundu mawili, sawa na ule wa redio nyingi, hivyo si vigumu kuazima kwa jirani.

Jambo la pili ni nguvu ya umeme wenyewe. Sisi wa Sumbawanga tunalijua jambo hili kwa mwili. Kwa miaka mingi mji wetu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukitumia umeme ulionunuliwa Zambia na mitambo ya dizeli, na mazoea ya kukaa gizani tuliyapata mapema. Kiwango cha umeme wa majumbani hapa nchini ni volti 230. Jioni, wakati kila nyumba inawasha taa, pasi na televisheni, nguvu hiyo yaweza kushuka katika nyumba zilizo mwisho wa laini. Nao umeme ukikatika na kurudi, huweza kurudi kwa kishindo kabla haujatulia. Kwa hiyo umeme unapokatika, chomoa mashine. Ukirudi, subiri dakika tano, tazama kama taa za nyumba zimetulia, ndipo uchomeke. Stebilaiza nzuri ina msaada, lakini mkono unaochomoa waya haununuliwi dukani.

Tahadhari nyingine ni kwa wanunuao vitu vya mtumba. Japani hutumia umeme wa volti 100, na Marekani volti 120. Zipo mashine za zamani, hasa za PlayStation 2 za mwanzo, zilizotengenezwa kwa umeme wa nchi moja tu. Ukiichomeka mashine ya volti 100 katika ukuta wetu, itanuka mara moja, na huo ndio utakuwa mchezo wake wa mwisho. Soma kibandiko kilicho nyuma. Kikisema 100 hadi 240, uko salama. Kikitaja 100 au 120 peke yake, sharti upate transfoma ya kushusha umeme.

TAA INAWAKA, PICHA HAKUNA

Hapa ndipo wengi wanapolipa fedha bure. Mashine inawaka, feni inazunguka, kioo ni cheusi. Kabla ya kusema kwamba ubongo wa mashine umekufa, hakikisha televisheni imewekwa kwenye njia inayolingana na tundu ulilochomeka. Kisha badilisha waya wa picha, halafu badilisha televisheni. Kwa mashine za siku hizi zinazotumia kebo ya HDMI, mulika tundu kwa tochi ya simu. Watoto wanapovuta mashine kwa waya, vijipini vya mle hupinda, na fundi mwenye mkono mtulivu aweza kulibadilisha tundu hilo bila kugusa kingine.

Pengine kosa ni la mipangilio tu. Mashine iliyotoka kwenye televisheni kubwa mpya ikaletwa kwenye televisheni ya zamani huweza kutoa picha ambayo televisheni hiyo haiwezi kuipokea. Kwa PlayStation 4, izime kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia. Utasikia mlio mmoja. Endelea kushikilia takriban sekunde saba hadi mlio wa pili, ndipo uachie. Mashine itaamka katika hali ya usalama. Unganisha pedi kwa waya, nawe utaona orodha ya kurekebisha ukubwa wa picha na kupanga upya kumbukumbu. Ila orodha hiyo hiyo inayo pia njia ya kufuta kila kitu. Asiyejua Kiingereza amwite anayejua, hata kama ni mtoto wake wa darasa la saba, si aibu.

KUPULIZA SI DAWA

Nani kati yetu hakuwahi kuwaona watoto wakichomoa kaseti ya gemu, wakaipuliza kwa mdomo kama wapulizao moto, kisha wakaichomeka tena? Desturi hiyo ilizunguka dunia nzima. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilipoingiza mashine yake nchini Marekani mwaka 1985, iliitengeneza ili kaseti isukumwe ndani kwa mbele na kubonyezwa chini, kama mkanda wa video. Vijino 72 vilivyoipokea kaseti vililegea kwa kutumika, na mashine ikawa inawaka na kuzima bila kukoma. Watoto wakapuliza. Ilipokubali, wakaamini kwamba pumzi ndiyo iliyoponya.

La hasha! Kilichoponya ni kule kuchomoa na kuchomeka tena, ambako kulifanya vijino vigusane upya. Pumzi yenyewe ilikuwa na unyevu, na unyevu huleta kutu. Ndiyo maana kampuni ilikuja kuwaonya watu wasipulize. Nimelitaja jambo hili kwa sababu lina funzo kubwa kupita kaseti: dawa inayoonekana kufaa yaweza kuwa haihusiani kabisa na ugonjwa. Vivyo hivyo mtu aliyesimama karibu na chombo kilichoharibika aweza kuwa hahusiani kabisa na uharibifu.

JOTO, VUMBI NA HEKIMA YA WAHUNZI

Sasa nitasema nilichokikuta ndani ya mashine ya jirani yangu. Nilichomoa waya, nikaacha ipoe, nikaondoa mfuniko. Feni haikuonekana. Palikuwa na kitu kama zulia dogo: vumbi jekundu la barabarani, na ndani yake nyuzinyuzi za vitambaa vya kila rangi, vitenge, sare za shule na mashuka, zilizotoka kwenye cherehani iliyokuwa hatua tatu tu toka kabatini. Mapezi ya chuma ya kupozea yalikuwa yamezibwa kabisa. Hakuna kilichoibwa, wala hakuna kilichobadilishwa. Mihuri ya kiwandani ilikuwa mahali pake, mizima, yaani hakuna aliyewahi kuifungua mashine ile kabla yangu. Nikaifungua na ile ya kwanza, iliyorudishwa toka kwa fundi. Nayo ilikuwa hivyo hivyo. Ina maana huyo aliyetamka kuwa kitu kimebadilishwa hakuwahi hata kukiona.

Wazee wetu wa Ufipa wangetucheka. Wafipa walikuwa wahunzi mashuhuri, na matanuri yao ya kuyeyushia mawe ya chuma, malungu, yalijengwa kwa udongo yakapita kimo cha mtu. Chini ya tanuri kulikuwa na matundu. Joto lilipopanda juu, hewa mpya iliingia kwa chini yenyewe, bila mivukuto. Mivukuto ilikuja kutumika katika tanuri dogo la kusafishia chuma. Mhunzi alijua kwamba matundu yale ndiyo uhai wa kazi nzima. Je, angeyaziba kwa kuogopa wezi?

Mashine ya gemu nayo ni mtego wa hewa. Feni huvuta hewa ya baridi, huipitisha kwenye mapezi yanayobeba joto la ubongo wa mashine, kisha huitoa ikiwa moto. Ukiifungia kabatini, inavuta ile ile hewa iliyoitoa, moto juu ya moto, hadi mlinzi wake wa ndani anapoamua kuizima ili isiungue. Kuzima kule si ugonjwa. Ni chombo kinachojiokoa.

Tena baridi yetu hutudanganya. Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai tunajifunika mablanketi. Kwa hiyo mtu hudhani kwamba huku chombo hakiwezi kupata joto. Lakini hewa ya huku juu ni nyepesi, pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko ile ya Dar es Salaam, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Feni ya huku hulazimika kufanya kazi zaidi kwa kazi ile ile. Ongeza vumbi la kiangazi na nyuzi za cherehani, na hesabu inakamilika.

Wala tusidhani kwamba joto huwashinda maskini tu. Mwaka 2005 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa mashine yake ya Xbox 360. Haukupita muda, wenye mashine wakaanza kuona taa tatu nyekundu zikiwaka katika duara la kitufe cha kuwashia, na mashine haifanyi kazi tena. Zilikuwa nyingi mno hata mwezi wa Julai 2007 kampuni ikaongeza muda wa dhamana kufikia miaka mitatu kwa hitilafu hiyo, na gharama yake ikazidi dola bilioni moja. Chanzo kilikuwa viungio vidogo vya lehemu vilivyopasuka kwa kupata moto na kupoa mara kwa mara. Baadhi ya watu waliizungushia mashine mataulo ili ipate moto zaidi, na kweli nyingine ziliwaka kwa siku chache, kisha zikafa kabisa. Kampuni yenye wahandisi wa kila aina ililazimika kutafuta chanzo kwa uvumilivu. Sisi wazee wanne wa Chanji tulikipata chetu kwa saa moja!

Basi tufanye nini? Weka mashine mezani, si juu ya zulia wala kitambaa, na uache nafasi ya kiganja kila upande. Ukitaka kabati, seremala atoboe nyuma na pande zote mbili, au mlango uwe wa wavu wa chuma. Mwizi hapiti kwenye wavu, hewa hupita. Kila mwezi wa kiangazi, chomoa waya, iache ipoe, na usafishe matundu kwa brashi kavu laini. Ukitumia blowa ya fundi simu, zuia feni kwa kijiti isizunguke kwa upepo huo, kwa maana huweza kuumia. Usifute ndani kwa kitambaa cha maji. Kwa mashine iliyotumika miaka mingi, dawa ya kupitisha joto kati ya ubongo na chuma cha kupozea huwa imekauka. Kuibadilisha ni kazi ya fundi, na dawa yenyewe ni kichupa kidogo.

DISKI, KUMBUKUMBU NA PEDI

Mashine ikikataa kusoma diski, jaribu diski nyingine kwanza. Ikiwa moja tu ndiyo inayokataliwa, ugonjwa ni wa diski: ifute kwa kitambaa laini, toka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Ikiwa zote zinakataliwa, lenzi imepata vumbi au imechoka. PlayStation 2, iliyoanza kuuzwa mwaka 2000 na kupata wateja zaidi ya milioni 155 duniani, ilijulikana sana kwa ugonjwa huu. Pamba iliyoguswa na spiriti safi kidogo hutosha kuifuta lenzi, kwa mkono mwepesi kama wa mtu anayemtoa mtoto kibanzi jichoni.

Mashine inayokwama katikati ya mchezo pasipo kupata moto, au inayoandika kwamba haioni diski ngumu, huwa ina kumbukumbu iliyolegea au iliyochakaa. Diski hiyo huumia mashine inapozimwa ghafla kwa umeme kukatika, na huumia zaidi ikigongwa inapozunguka. Katika PlayStation 4 hubadilishwa bila kufungua mashine nzima.

Na pedi? Mchezaji anayekimbia kushoto ilhali hakuna aliyemgusa hana pepo. Kijiti cha pedi husugua utepe mwembamba ndani yake, na utepe huo huisha. Aliyefungwa mabao matano atasema pedi mbovu. Mbadilishieni pedi, mcheze tena, ukweli utajitokeza.

RADI NI UMEME

Wenzetu wa mikoa mingine hupenda kututania kwamba radi ya Sumbawanga hutumwa na mtu. Utani ni utani, lakini naona unapoanza kuaminiwa hata na wenyewe. Tokea Novemba hadi Aprili, mvua za uwanda wa juu huja na radi nyingi. Radi ikipiga karibu na nguzo, nguvu yake husafiri kwa waya hadi ukutani. Na ikipiga karibu na antena au dishi, hushuka kwa kebo hadi kwenye televisheni, na toka televisheni hupita kwenye waya wa picha hadi kwenye mashine ya gemu. Ndiyo maana tundu la picha huungua wakati tundu la umeme ni zima, na watu hubaki wakishangaa. Wingu linapojikusanya, chomoa umeme, chomoa na kebo ya dishi. Jirani uliyekosana naye juu ya mpaka wa kiwanja hakutuma kitu.

MWISHO WA MKONO WAKO

Sharti pia tujue pa kuishia. Kisanduku cha umeme kilicho ndani ya mashine kina kapasita zinazotunza umeme hata baada ya waya kuchomolewa, usikifungue. Televisheni za zamani za kioo kinene zina maelfu ya volti. Mfuniko wake usiguswe na asiyesomea. Ukisikia harufu ya kuungua, chomoa ukutani na usijaribu tena.

Unapokwenda kwa fundi, nenda na daftari lako. Mweleze dalili, usimweleze ugonjwa. Piga picha ya mihuri na namba iliyo nyuma kabla ya kumwachia. Mwombe akuoneshe ndani mbele yako, na akibadilisha kifaa, akurudishie kile cha zamani. Fundi mwaminifu hachukii masharti haya, kwa kuwa yanamlinda yeye pia. Na atakayekuambia kwamba kitu kimeibwa, mwambie akuoneshe mahali kilipokuwa.

Ndugu msomaji, namalizia kisa. Tulizisafisha mashine zote mbili, seremala akaondoa ubao wa nyuma na kupigilia wavu, na cherehani ikahamishiwa chumba cha uani. Zinafanya kazi hadi leo. Mama yule hakutuma ujumbe kwa simu. Alifunga duka siku ya kazi, akapanda gari mwenyewe hadi Laela, akapiga hodi kwa mdogo wake, akaomba radhi.

Kijana alimpokea kwa heshima, akampa kiti na maji. Alikubali kurudi, ila kwa sharti moja. Alisema, "Mama mkubwa, mimi wewe nimekusamehe. Lakini niliitwa mwizi mbele ya wazee wanne. Naomba hao hao wanne wakae tena, waseme mbele yangu kwamba sikuiba."

Tulikaa Jumapili moja baada ya ibada, katika chumba kile kile, mashine zikiwa zimezimwa. Kila mmoja alisema kwa zamu yake. Zamu yangu ilipofika nilikuta kwamba maneno matatu ya "wewe si mwizi" ni mazito kuyatamka kuliko nilivyodhani, hasa kwa mtu mwenye mvi anapomwambia kijana wa miaka kumi na tisa. Aliyapokea bila tabasamu, akashukuru, akainuka kuwasha mashine kwa sababu watoto walikuwa wamekwisha kujaa mlangoni.

Ufunguo wa kabati sasa anao yeye peke yake.

Tukutane Jumapili ijayo.